Jibu: Kwa nini wasiondoke tu?
Mkuu, umeuliza kwa nini wale wagonjwa wa hospitali ya akili kwenye One Flew Over the Cuckoo's Nest hawaondoki wakati wengi wapo pale kwa hiari. Mi naona hapo ndo moyo wenyewe wa riwaya hiyo ya Ken Kesey ya 1962. Nesi Ratched, mkuu wa wodi, hahitaji kufuli, ana vile vikao vya kila siku ambapo mtu anachambuliwa mbele ya wenzake mpaka ajione kweli ana kasoro, na wanachongeana wenyewe kwa wenyewe. Billy Bibbit, mmoja wa wagonjwa hao, analia kabisa anapoulizwa swali hilohilo lako, anasema angekuwa na ujasiri angetoka leo.

Sasa angalia ile kura ya wagonjwa kuamua kama watazame besiboli kwenye TV. Wagonjwa wote ishirini wanaojitambua wananyoosha mkono, ila nesi anahesabu na wale wasiojitambua kabisa ili kura zisitoshe, halafu Chifu Bromden, mgonjwa anayesimulia riwaya, ambaye miaka yote anajifanya kiziwi na bubu, ananyoosha wa kwake na anaambiwa kikao kimeshafungwa! TV inazimwa, nao wanakaa mbele ya kioo kitupu wanatazama hivyohivyo. Hawajapata kitu pale, lakini ndo mara ya kwanza kila mmoja kaamua mwenyewe.

Kwangu ndo maana Bromden ni shujaa mkubwa kuliko McMurphy, yule mgonjwa mpya aliyeanzisha hiyo kura. McMurphy alikuja na kelele zake tayari, Chifu alinyamaza kwa sababu watu walimfanya hasikii tangu utotoni, na sauti yake imebidi aitafute upya.