Kwa nini farasi, na si mbuzi?

Mkuu, umeuliza kwa nini dawa ya sumu ya nyoka itengenezwe kwa farasi wakati mbuzi tunao tele. Jibu fupi ni damu. Farasi wa kilo 500 ana damu kama lita 40. Mbuzi wako wa kilo 40 hazidi lita tatu hivi. Sasa mkamue huyo uone!

Nyoka anang'ata utando uliofunikwa juu ya glasi, sumu inachuruzika, inakaushwa. Farasi anachomwa sindano ya sumu hiyo, kidogo mno, kisha dozi inapanda kwa wiki na miezi, mpaka mwili wake ujae kingamwili, yaani protini za kinga zinazoikabili sumu hiyo. Hapo anatolewa damu kwenye mshipa wa shingo. Inabakizwa plazima tu, ule umajimaji wa damu wenye kingamwili ambazo ndizo dawa yenyewe, na mara nyingi chembe nyekundu anarudishiwa mwenyewe. Hachinjwi, maana ndiye mtaji.

Si lazima awe farasi lakini. CroFab, dawa ya sumu ya nyoka inayotumika Marekani, hutokana na kondoo wa Australia.

Na usidhani chupa moja inatibu kila nyoka. Dawa ya kifutu haimsaidii aliyeng'atwa na koboko, isipokuwa sumu za wote wawili zilitumika kumchanja farasi. Halafu ile ni protini ya mnyama: mgonjwa anaweza kupata mzio mkali, ndiyo maana daktari huweka adrenalini karibu. Kwa hiyo lile wazo lako la kuchanja mbuzi nyumbani na kunywa damu yake, achana nalo. Tumboni kingamwili zinameng'enywa kama nyama.