Kuingia kwenye kesi za ardhi na ujenzi: jibu langu kwa wakili anayeanza

Mdogo wangu, umesema ofisi imekupa nafasi kwenye kitengo cha kesi za ardhi na ujenzi, unahofia ni kazi kavu, hujasoma uhandisi, na hujui kama mtu anaweza kukaa humo miaka yote au ni njia ya kupita tu. Mi nimekaa humo muda mrefu na nimesimamia pande zote, wakandarasi, wenye majengo, mabenki, mpaka watu waliouziwa nyumba zinazovuja. Naanza na hilo la uhandisi maana ndo linalowatisha wengi.

Digrii ya uhandisi huhitaji. Unachohitaji ni kutoona haya kuuliza. Hii nondo inafanya kazi gani hapa, kwa nini bomba lilitakiwa lipite kabla zege halijamwagwa, nani alisaini huu mchoro na nani aliubadilisha. Wahandisi na wakadiriaji majenzi wengi wanafurahi wakiulizwa na mtu anayetaka kuelewa kweli. Wakili anayemwitikia tu shahidi wake mtaalamu ndiyo ndiyo wakati hajaelewa, siku anamhoji mtaalamu wa upande wa pili atakwama kwenye swali la pili, na jaji ataona.

Halafu uende saiti, tena mapema, kabla hujaandika hati ya madai. Nilikuwa na kesi ya ghorofa ya chini ya ardhi iliyokuwa inaingiza maji, makabati mazima ya nyaraka yanabishana kuhusu ubora wa zege, huyu kapima hivi yule kapima vile. Tukafika pale na mtaalamu wetu, maji hayapiti kwenye zege kabisa, yanapita kwenye maungio, pale pale kazi ya mkandarasi mkuu inapokutana na ya mkandarasi mdogo. Kwa hiyo swali likawa nani alipewa jukumu la kuziba yale maungio, na jibu lilikuwa kwenye maelezo madogo pembeni ya mchoro mmoja ambao hakuna aliyeusoma hadi mwisho. Hata mtu wa kumshtaki ilibidi abadilike. Ukikaa ofisini na makabrasha huwezi kuligundua hilo.

Sasa nikuambie kitu ambacho nadhani ndo moyo wa kazi yenyewe. Kesi ya ujenzi kwa sehemu kubwa inaamuliwa na karatasi zilizoandikwa kabla wewe hujaitwa. Barua, muhtasari wa vikao vya saiti, daftari la fomeni, hati za malipo, meseji za kwenye simu, picha zenye tarehe. Chukua mikataba ya mfano ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ambayo inatumika kwenye miradi mikubwa sehemu nyingi duniani, ule wa kazi za ujenzi unaitwa kitabu chekundu na cha kwanza kilitoka 1957. Kwenye toleo la 1999 kifungu cha 20.1 kinamtaka mkandarasi anayedai muda zaidi au hela zaidi atoe notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu tukio lenyewe, asipotoa anapoteza dai. Toleo la 2017 likaweka sharti la namna hiyo hadi kwa mwenye mradi. Nimeona madai ya haki kabisa, mkandarasi kweli alicheleweshewa michoro, kweli ilimgharimu, lakini hakuandika kwa sababu hakutaka kumuudhi mteja, anakuja kwako mradi ukiwa umeisha na kitu cha kwanza unachomuuliza ni barua iko wapi. Inauma sana kumwambia mtu mwenye haki kwamba alichelewa. Ndo maana nawaambia wateja wangu wanipigie mradi ukiwa bado unaendelea, na ndo maana sehemu nzuri ya kazi hii haifiki mahakamani kabisa, ni kumsaidia mtu aandike barua ya adabu na iliyokamilika kwa wakati wake.

Na daftari la fomeni usilidharau! Kwenye mgogoro wa ucheleweshaji kila upande unaleta mtaalamu na programu yake ya kompyuta inayoonesha njia kuu ya mradi, yaani ule mfululizo wa kazi ambazo moja ikichelewa basi jengo zima linachelewa. Ile njia ya kupanga kazi ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, DuPont wakiwa miongoni mwa walioianzisha, na leo kuna mwongozo wa chama cha sheria za ujenzi cha Uingereza, wa 2002 ukarekebishwa 2017, unaoeleza mbinu mbalimbali za uchambuzi. Michoro ya kompyuta inapendeza, lakini ikigongana na daftari ambalo fomeni aliandika kila jioni kwa mkono wake kwamba leo mvua, kreni imeharibika, mafundi wa umeme hawakufika, mimi naweka imani kwenye daftari, na majaji wengi niliowaona wanafanya hivyo hivyo.

Sheria yenyewe ni tamu kuliko inavyosemwa. Angalia kesi ya Peak, mkandarasi mkuu, na McKinney, mkandarasi mdogo wake, ya mwaka 1970, mahakama ya rufaa Uingereza. Nguzo za msingi za jengo zilikuwa na kasoro za mkandarasi mdogo, sawa, lakini halmashauri yenye mradi ikachukua muda mrefu kupata mhandisi wa kuchunguza na kuidhinisha marekebisho, halafu ikataka ilipwe fidia ya ucheleweshaji kwa kipindi chote. Ikakataliwa, kwa sababu mwenye mradi naye alichangia kuchelewa na mkataba haukuwa na kifungu cha kumwongezea mkandarasi muda kwa kosa la mwenye mradi. Watu wengi wanadhani kifungu cha kuongeza muda kipo kumhurumia mkandarasi, kumbe kinamlinda sana mwenye mradi, bila hicho tarehe ya kumaliza inakosa nguvu na fidia yake inaondoka nayo. Ukishaelewa hilo moja utaanza kusoma mikataba kwa jicho jingine kabisa.

Upande wa ardhi na majirani ni tofauti, huko kasi ndo kila kitu. Mtu anachimba msingi na ukuta wa jirani umeanza kupasuka, unahitaji zuio la mahakama sasa, unaandika kiapo usiku, unamtafuta mpima ardhi asubuhi. Lakini kuna zinazokwenda polepole mno. Wenye fleti jirani na jumba la makumbusho la Tate Modern kule London walifungua kesi 2017 kwa sababu wageni wa roshani ya juu walikuwa wanawachungulia majumbani mwao, wakashindwa 2019, wakashindwa rufaa 2020, wakaja kushinda mahakama ya juu kabisa 2023 kwa kura tatu kwa mbili. Miaka sita. Mteja lazima aambiwe mapema kwamba hilo linawezekana, na aambiwe gharama yake, siku ya kwanza.

Hapa nina msimamo mkali kidogo. Wakili wa fani hii anayempeleka kila mteja mahakamani hanifurahishi. Gharama za wataalamu peke yake zinaweza kula kile mnachogombania, hasa kwa mwenye nyumba mmoja aliyeweka akiba yake yote pale. Ndo maana njia nyingine zikaota. Uingereza kwa sheria ya 1996 waliweka utaratibu wa uamuzi wa haraka kwa migogoro ya mikataba ya ujenzi, mwamuzi anatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 28 tangu apelekewe shauri, uamuzi unafuatwa kwanza na wasioridhika wanakwenda mahakamani au kwenye usuluhishi, yaani kwa msuluhishi binafsi ambaye uamuzi wake unawafunga, baadaye. Lengo ni hela iendelee kutembea, maana mkandarasi mdogo asipolipwa anafilisika kabla haki haijapatikana. Kwa miradi ya kuvuka mipaka usuluhishi unapendwa kwa sababu ya mkataba wa New York wa 1958, tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, inayotolewa nchi moja inaweza kutekelezwa katika nchi nyingine nyingi. Jifunze zote hizi kabla hujawa bingwa wa kuhoji mashahidi.

Kuhusu mashahidi wataalamu, jambo moja ambalo silegezi. Mtaalamu wako analipwa na mteja wako lakini wajibu wake ni kwa mahakama. Usimwandikie ripoti, usimsukume. Ukiona maoni yake yanaumiza kesi yako basi hiyo ni habari muhimu, ipeleke kwa mteja mzungumze maridhiano. Mtaalamu aliyepindishwa anavunjika akihojiwa na anavunjika na kesi nzima.

Kama ni kavu? Miezi ya mwanzo utapanga nyaraka kwa tarehe na kujaza majedwali ya kasoro, chumba kwa chumba, safu ya mdai, safu ya mdaiwa, safu ya jaji, inaitwa jedwali la Scott. Inachosha, sikufichi. Lakini anayejaza lile jedwali ndo anaijua kesi kuliko mkubwa wake, na siku ya kusikilizwa wote wanageuka kumwangalia yeye.

Kuhusu kukaa humo, ndiyo inawezekana, na milango ni mingi. Kuna wanaohamia kampuni za ujenzi kama wanasheria wa ndani, wanaosimamia madai tu, wanaokuwa waamuzi au wasuluhishi baada ya miaka mingi, na kuna wahandisi wanaosoma sheria ukubwani wakawa hatari kweli kweli. Uchumi ukiyumba migogoro inaongezeka kwa hiyo kazi haikauki kirahisi, ila malipo ya mteja yanaweza kuchelewa maana naye anasubiri kulipwa.

Na ukubwa wa dhamana uujue kabla hujasaini. Jengo la Champlain Towers South kule Florida lilianguka Juni 2021, watu 98 wakafa, baadaye yakafikiwa maridhiano ya zaidi ya dola bilioni 1. Uingereza baada ya moto wa jengo la ghorofa la Grenfell kule London wa 2017 walibadilisha sheria mwaka 2022 wakarefusha muda wa kudai kwa baadhi ya kasoro za nyumba za kuishi hadi miaka 30 nyuma. Nyuma ya yale majedwali kuna watu wanalala kwenye hayo majengo.

Kwa hiyo kabla hujawajibu ofisi, waulize mambo mawili: wanawapeleka mawakili wachanga saiti, na wanakuruhusu ukae kwenye vikao vya wataalamu na mteja? Wakisema ndiyo kwa yote mawili, chukua. Wakisema utakuwa unapanga makabrasha tu, tafuta ofisi nyingine ya fani hii hii, usiiache fani.