Kitabu cha Pikipiki au cha Falsafa?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijiweni kwetu Mbagala tumegawanyika kuhusu kitabu cha mwandishi Mmarekani Robert Pirsig cha mwaka 1974, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance. Wenzangu wanadai kina falsafa nyingi na safari kidogo, mimi nimekipenda. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako hawajakosea, kwani safari ya pikipiki ya baba, ambaye ndiye msimulizi, na mwanawe kutoka Minnesota hadi California hukatizwa mara kwa mara na mafundisho marefu. Hata hivyo, niko upande wako. Rafiki wa msimulizi hataki kuitengeneza mwenyewe pikipiki yake ya BMW, ilhali msimulizi huisikiliza injini na kurekebisha vali mwenyewe. Dereva wa bodaboda aliyewahi kusafisha plagi kando ya Barabara ya Kilwa, mvua ikinyesha, ataielewa hoja hiyo upesi. Waombe waanze na sehemu ya skrubu iliyong'ang'ania.