Gesi iuzwe kidogo kidogo, kama umeme wa LUKU

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Uchumi ukikua, mazingira yatapona yenyewe?" Mimi nasema hayaponi, na ushahidi wangu uko barazani kwetu Mbagala.

Miaka ya 1990 wachumi walichora mchoro wenye umbo la kilima: nchi ikianza kutajirika inachafua, ikifika kileleni inaanza kusafisha. Umbo hilo waliliazima kwa mchumi Simon Kuznets, ambaye mwaka 1955 alikuwa akizungumzia pengo la kipato kati ya matajiri na maskini. Kilima wakakichukua, pengo wakaliacha.

Julai 2020 Tanzania iliingia kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Nyumba yetu ya kupanga bado inapikia mkaa. Mpangaji mwenzangu, mama wa watoto watatu, anafua nguo za watu. Mtungi wa gesi wa kilo sita anao, aligawiwa bure. Uko chini ya kitanda, mtupu. Kuujaza kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, na yeye analipwa kwa siku. Basi kila jioni mtoto anatumwa mkaa wa 1,000, unaopimwa kwa kopo la rangi, na chini ya kopo ni chenga tupu. Kwa mwezi ni 30,000. Hela ya gesi anaitoa, ila hajawahi kuishika yote kwa pamoja.

Mkaa huo unatoka Kisarawe, Rufiji, Kilosa, Handeni. Anayeuchoma huko naye mara nyingi ni mkulima ambaye mahindi yamemkaukia shambani na mtoto anadai sare. Misitu ya miombo inateketea katikati ya watu wawili wasio na akiba, na wastani wa pato la taifa hauwaoni wote wawili.

Naunga mkono katazo la Januari 2024 la kuni na mkaa kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100, na lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini kugawa mitungi hakutoshi. Mtungi unaisha, na kipato kiko palepale.

Kwenye umeme jambo hili tulishalimaliza: LUKU ni umeme wa kulipia kabla, na mwenye 2,000 ananunua wa 2,000. Mita za gesi za kulipia kidogo kidogo zimeshafungwa kwenye baadhi ya nyumba hapa Dar es Salaam. Ruzuku ipelekwe huko, na mita zianzie uswahilini, kwenye nyumba za vyumba sita kama yetu.

Msomaji, Mbagala