Jibu: Nibu ya dhahabu, mbona yakwaruza?

Waaleikum salaam ndugu. Waulizia kalamu ya wino ipi ununue, Pilot Custom 823 au Montblanc 149, na kwa nini ile uliyojaribu ilikwaruza ilhali nibu, ile ncha ya chuma ya kuandikia, ni ya dhahabu.

Dhahabu haigusi karatasi. Kinachogusa ni kitone cha madini magumu kilichochomelewa nchani, na ulaini hutegemea kilivyosuguliwa. Kwa hivyo kwanza tazama kwa lenzi ya kukuzia: nibu imepasuliwa katikati, na zile ncha zake mbili zikipishana, moja juu moja chini, itakwaruza hata iwe ya laki. Yangu ilikuwa hivyo, ikilalamika nikivuta upande mmoja tu. Niliisukuma kwa ukucha, polepole mno, ikatulia. Mpya yenye waranti usiiguse, irudishe.

Nibu ya F (mstari mwembamba) ya Kijapani huwa nyembamba kuliko F ya Ulaya, na nyembamba huhisi karatasi zaidi. Jaribu M, ya wastani.

Mimi ningechukua 823. Ile 149 ni nene, kiganja changu kidogo chachoka. Ila 823 ukiandika kurasa nyingi, legeza kifundo cha nyuma, la sivyo wino hukatika. Na kwa jasho letu hili la Mombasa, weka karatasi chini ya mkono. Palipolowa mafuta ya ngozi wino hukataa kushika.

Kalamu ya Pelikan sijaishika, wenye nayo waseme.