Jibu: Weusi wa Marekani walinyimwaje kura wakati Katiba iliwaruhusu?

Habari ndugu. Umekwama hapa: Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani (1870) yalikataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi, sasa majimbo yaliwazuiaje Weusi miaka ya 1900 bila kuyafuta?

Soma kwanza sheria za majimbo, Katiba iweke kando kidogo. Mimi nikifundisha mada hii huanzia Oklahoma, maana hila yake iko wazi. Mwaka 1910 jimbo hilo liliweka mtihani wa kusoma na kuandika kwa wapiga kura, kisha likamsamehe yeyote ambaye yeye, mzazi au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1866. Itazame hiyo tarehe: ni miaka 4 kabla ya Marekebisho ya 15. Rangi haikutajwa, lakini Mzungu asiyejua kusoma anapita, mjukuu wa mtumwa anabaki mlangoni.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikibatilisha kifungu hicho mwaka 1915, katika kesi iitwayo Guinn dhidi ya Marekani. Usiishie hapo kama wengi wanavyofanya. Mwaka 1916 Oklahoma ikatunga sheria nyingine: waliopiga kura 1914 walihesabika wameshaandikishwa, wengine wakapewa tarehe 30 Aprili hadi 11 Mei tu kujiandikisha. Aliyechelewa bila udhuru wa ugonjwa au safari alipoteza haki ya kupiga kura maisha. Dhuluma hiyo ilidumu hadi 1939, na inaniuma kila nikiisoma.

Kwa majimbo ya Kusini, angalia pia kodi iliyolipwa kabla ya kupiga kura, na kura za mchujo za chama cha Democratic zilizoruhusu Wazungu pekee.