Maswali ya abiria: mlevi, spika na ndoo ya mawese

Wiki hii wote mlioniandikia ni wasafiri wa treni ya Kigoma. Nawajibu kutoka hapa Tabora.

Shikamoo. Nilipanda Tabora, daraja la tatu, naenda Uvinza. Kwenye kiti changu nikamkuta baba mmoja kalala tangu Dodoma. Akasema kiti ni cha aliyewahi. Nikasimama hadi Kaliua.

Marahaba, mwanangu. Kiti ni cha mwenye namba. Mwambie mara moja, kwa adabu. Akikataa, mfuate mkagua tiketi. Tabora treni hukaa sana, maana ndipo mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma yanapoachana, kwa hiyo muda unao. Ikishaondoka, kumwinua mzee aliyejizungushia mabegi na kuku ni kazi nyingine. Ila kwanza soma na namba ya behewa. Mimi nimewahi kumwinua mtu kwa ukali, kumbe behewa langu ni la mbele.

Daraja la pili kulala tuko sita chumbani. Mmoja anapiga spika na kunywa usiku kucha. Nimpige?

Usimpige. Kwenye basi mkigombana, dereva husimama mkashuka. Treni haisimami porini kwa ajili yenu, na huyo mtalala naye usiku huo na pengine wa pili. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipopigwa marufuku mwaka 2017 nilidhani tutapumua. Kumbe hata chupa inaingia mfukoni. Mwombe azime kabla hajalewa, maana akishalewa unaongea na pombe. Akikaidi, mwiteni mhudumu wa behewa wote watano kwa pamoja. Mkienda mmoja mmoja anawaona wanung'unikaji.

Binti yangu anasafiri peke yake kwenda chuo. Safari iliyopita mwanamume mmoja alikuwa akimshikashika kila taa zikififia. Alinyamaza kwa aibu.

Pole, mama. Mwambie binti aibu si yake. Asingoje mara ya pili: apaze sauti pale pale, "Baba, toa mkono wako!" Behewa zima litageuka, na watu wa namna hiyo huogopa macho kuliko askari. Kisha ahame, akakae karibu na akina mama wenye watoto. Wale hawalali fofofo, na hawana simile na mtu wa hivyo.

Yasiishie hapo. Kumshika mtu kwa nia ya ngono ni kosa la jinai. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inalitaja. Amwite mhudumu au askari aliyemo kwenye treni, na akumbuke namba ya behewa, saa, na stesheni iliyokuwa imepitwa. Akishuka, aende polisi aulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Watakaomwambia "msamehe, ni pombe tu" hawatakosekana. Asiwasikilize. Nawe mama, mkatie kitanda kwenye chumba cha wanawake watupu, na uombe hivyo siku ya kukata tiketi, si siku ya safari.

Kijana kaning'inia mlangoni anavuta sigara, moshi wote kwetu.

Mhudumu. Na usimshtue ghafla, ataanguka.

Natoka Kigoma kwenda harusini. Ndoo ya mawese ya jirani imemwagikia kanzu yangu. Anasema treni ndiyo iliyotikisika.

Treni inatikisika tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914. Mfuniko ndio uliopaswa kukazwa. Akupe hela ya dobi. Kanzu yenyewe, tusidanganyane, sasa ni ya shambani.